Bi mkubwa ana pumu na presha: madaftari mawili, kidonge kimoja kisicho na jina

BintiNgamiani (mwenye uzi)

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Naandika nimekaa barazani, bi mkubwa kalala ndani, na ni mara ya kwanza baada ya wiki tatu simsikii kifua kikilia. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Naamini humu wengi tuna wazee wenye haya mambo mawili kwa pamoja, pumu na presha, na sisi watoto ndio tunaotumwa duka la dawa.

Mama ana miaka 63. Pumu kazaliwa nayo. Presha imekuja juzi tu, kama miaka minne hivi. Anakaanga vitumbua tangu tukiwa wadogo, ndivyo vilivyotusomesha, kwa hiyo moshi wa mkaa na kifua chake wamejuana kabla mimi sijazaliwa. Inhela ya bluu anayo ila anaionea uchungu, anasema inaisha upesi. Alichozoea ni vidonge vya salbutamol vya kununua rejareja. Akibanwa kimoja, asipopata nafuu viwili. Vikishamkolea mikono inamtetemeka mpaka uji wa vitumbua unamwagikia pembeni ya kikaango, na moyo unamdunda.

Sasa kliniki ya presha (siitaji, si lengo la uzi) alikwenda na maneno hayo hayo: "Mwanangu, moyo wanienda mbio, mikono yatetemeka." Wakampima, 168/98. Habari ya pumu hakuulizwa, na yeye hakusema, maana kwa mama pumu ni mambo ya daftari lingine. Ana madaftari mawili: la kifua lina jalada la kijani, linakaa kabatini chini ya doti za kanga, la presha limefunikwa gazeti, ndilo analotembea nalo. Hayajawahi kukutana hayo. Akapewa kidonge kipya ndani ya kibahasha, juu yake pameandikwa kwa kalamu "1x2". Jina hakuna, si la dawa wala la mgonjwa.

Wiki ya kwanza akaisifia sana. Moyo umetulia, mikono imetulia, vitumbua duara. Wiki ya pili akaanza kukohoa usiku, akaongeza salbutamol. Wiki ya tatu inhela anavuta mara tano haisikii, akasema ya feki. Tukanunua nyingine duka jingine. Nayo feki.

Usiku wa Jumatano saa tisa nimeamka kwenda msalani, nikamkuta kaketi ukingoni mwa kitanda, kashika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili, mabega yamepanda mpaka masikioni. Nikamuuliza mama umebanwa? Akasema "Nd", akavuta pumzi, "iyo". Neno moja kalikata vipande viwili. Nikatoka nje kutafuta bajaji na khanga moja.

Hospitali walimuwekea oksijeni, wakamvutisha dawa kwa mashine, wakampiga sindano. Alipopata sauti kidogo, daktari mmoja kijana akaniambia: rudi nyumbani, leta kila kitu anachokimeza, usinichagulie. Nikajaza kikapu cha ukili: vibahasha, vichupa, habasoda, mpaka dawa ya kuchua miguu. Akamimina juu ya meza. Kile kidonge cha "1x2" akakigeuza mara mbili, akasoma alama, akapeleka famasi wakamthibitishia. Propranolol, miligramu 40. Akaniambia, "Dada, hii na kifua cha mama yako havilali chumba kimoja."

Wakaikata wenyewe wodini huku wanampima mapigo na presha, wakampa amlodipine, pamoja na inhela nyingine ya kuvuta kila siku na prednisolone ya siku tano.

Wenye ujuzi nisaidieni. Kidonge cha presha kinabanaje kifua? Na hizi dawa zingine za presha nitajuaje ipi salama, maana sitakuwepo kila siku mbele ya kila daktari?

MgosiPongwe

Pole sana mwana, mpe pole bi mkubwa. Hiyo ya kibahasha bila jina imenigusa. Nimefungua kabati la mzee hapa, nina vibahasha vinne. Vyote "1x1". Sijui kipi ni kipi.

Kaskazi77

Dada, hizo dawa za hospitali zote zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Mwaga zote. Habasoda kijiko kimoja na asali asubuhi kabla hajala kitu, kitunguu saumu usiku. Shangazi yangu kule Mwambani aliacha presha na pumu vyote kwa hiyo hiyo, leo mwaka wa pili.

DirishaNamba4

Kaskazi, ndugu yangu, neno "mwaga zote" naomba ulirudishe ulikolitoa. Nitaeleza kwa nini. Mimi nipo kwenye kada ya dawa, miaka kumi na mbili nyuma ya dirisha.

Kwanza swali la mwenye uzi. Kwenye misuli midogo inayozunguka mirija ya hewa kuna vitasa. Adrenalini ya mwili ikiingia kwenye kitasa, msuli unalegea, mrija unapanuka. Salbutamol ni ufunguo wa kuchonga wa kitasa hicho hicho. Moyoni nako vipo vitasa vinavyofanana na hivyo, ila kazi yake ni kuongeza mbio za moyo na nguvu ya kusukuma damu. Propranolol ni njiti iliyovunjikia ndani ya tundu la kitasa. Ikivunjikia kwenye kitasa cha moyo, moyo unatulia, presha inashuka. Ikivunjikia kwenye vitasa vya misuli ya mikono, mikono haitetemeki. Ndiyo maana mama aliisifia. Shida ni kwamba haichagui, inavunjikia na kwenye vitasa vya mapafu. Kwa asiye na pumu hatajua kama kuna kitu kimetokea. Mwenye pumu mirija inabana, na akivuta inhela ufunguo haupati pa kuingia. Inhela zenu hazikuwa feki, dada.

Na tazama mzunguko wenyewe. Salbutamol nyingi, hasa ya kumeza, ikampa mama mapigo ya mbio na mitetemo. Mapigo na mitetemo vikamletea propranolol. Propranolol ikabana kifua. Kifua kikadai salbutamol zaidi. Kila aliyemhudumia alikuwa anatibu kitu cha kweli, ila hakuna aliyeiona meza nzima mpaka yule kijana alipomimina kikapu.

Dawa yenyewe siitukani. Mskoti aliyeibuni, James Black, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1988, na imeokoa watu wengi wa moyo. Haikuwa ya mama yako tu.

Sasa namna ya kuzijua. Angalieni mkia wa jina, lile la dawa lenyewe, si jina kubwa la kampuni.

Mkia wa -olol: propranolol, atenolol, bisoprolol, metoprolol, nadolol. Ndilo kundi la njiti. Carvedilol na labetalol mikia imepinda kidogo lakini ni wa ukoo huo huo. Propranolol, nadolol, carvedilol na labetalol hazichagui, mwenye pumu akae nazo mbali. Atenolol, bisoprolol na metoprolol zinapendelea moyo, kwa hiyo zina afadhali, ila dozi ikipanda zinasahau upendeleo. Kuna wagonjwa wa moyo hasa ambao daktari anaamua kuwapa bisoprolol wakiwa na pumu, anaanza na kidogo sana na anawaangalia kwa karibu. Huo ni uamuzi wa daktari anayejua kwamba pumu ipo. Tofauti na mama, ambaye hakuna aliyejua.

Mkia wa -dipine, kama amlodipine na nifedipine: kifua hakina ugomvi nazo. Kero yake ni miguu kuvimba kwenye vifundo. Mama akilalamika viatu vinambana usishangae, mrudishe wamwangalie.

Mkia wa -sartan, mfano losartan: nazo salama kwa kifua. Mkia wa -pril, yaani captopril, enalapril, lisinopril: hazibani mirija kama za njiti, lakini zinaleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Nadhani humu yupo aliyeyaonja.

Halafu dawa za kukojoza, hydrochlorothiazide, bendrofluazide na wenzake. Kifua hazikigusi. Ila zinapunguza potasiamu mwilini, salbutamol nyingi nayo inapunguza, prednisolone vile vile. Zikikutana zote tatu mtu anaweza kukazwa na misuli au mapigo kuruka, kwa hiyo apimwe damu.

Nirudi kwa Kaskazi. Anayetumia dawa za -olol akiziacha ghafla, hasa mwenye ugonjwa wa moyo, presha na mapigo yanaweza kurudi kwa kishindo, maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo. Za huyu mama zilikatwa wodini akiwa na mashine mkononi. Mtu aliye nyumbani asiige. Kama una pumu na umegundua kidonge chako kina mkia huo, nenda leo leo ukaseme "nina pumu", wabadilishe wao. Ukiwa umeshabanwa, hiyo ni dharura, unakwenda hata usiku.

Bajia_za_Moto

Ngoja kwanza. Salbutamol si inaishia -ol? Na paracetamol? Jamani mimi nimemeza paracetamol asubuhi!

DirishaNamba4

Hahaha, tulia. -olol, "ol" mbili zimefuatana. Prop-ran-OLOL. Paracetamol ina "ol" moja, ya bahati tu. Salbutamol hali kadhalika.

Bajia_za_Moto

Alhamdulillah. Moyo umerudi mahali pake.

MzeeWaKorona

Salaam wajukuu. Huyo wa mkia wa -pril ni mimi hapa.

Nimefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge tangu kijana, kwanza kwenye korona, mashine ya kuchuna majani ya mkonge, baadaye chumba cha brashi. Asiyekijua chumba cha brashi, ni pale singa zilizokauka zinapochanwa na mashine zing'ae. Vumbi lake ni jeupe, linakaa kwenye kope. Jioni tunatoka wote tunafanana, vijana tumekuwa wazee kwa saa nane. Kwa hiyo kifua changu kina historia, na nilipoanza kukohoa kila mtu akasema mkonge huo.

Kikohozi kikavu, hakitoi kitu, kinawasha kooni kama umemeza unyoya. Usiku ndiyo usiseme. Nikapimwa makohozi ya kifua kikuu mara mbili, hamna. Nikapewa inhela ya pumu, nikavuta miezi miwili, hamna. Msikitini nikikohoa safu nzima inageuka. Nikawa naswali nyuma kabisa karibu na viatu.

Siku hiyo muuguzi wa kliniki ya presha, mama mtu mzima, ananipima tu, nikakohoa mbele yake. Akaniuliza, mzee, kikohozi na enalapril kipi kilitangulia? Nikapiga hesabu, enalapril ilitangulia kwa wiki tatu. Daktari akabadili kuwa losartan. Kikohozi hakikukata siku hiyo, msidanganyike, kilichukua karibu mwezi kuisha chote. Lakini kilikwenda.

Pumu sina, kumbe sikuwahi kuwa nayo. Inhela bado ipo juu ya redio.

DirishaNamba4

Asante mzee wangu, shikamoo. Nyongeza moja kwenye hizo za -pril: ni nadra, ila mtu akivimba midomo, ulimi au uso baada ya kumeza, asisubiri kupambazuke, aende hospitali hapo hapo.

BintiNgamiani

Nimesoma yote mara mbili, na mama nimemsomea kwa sauti. Alipofika kwa Mzee wa Korona kacheka mpaka nikaogopa atakohoa.

Swali jipya. Tumeruhusiwa tangu Ijumaa. Leo nimempima kwa mashine ya jirani, 172/96! Ni juu kuliko kabla ya kulazwa. Hii amlodipine inafanya kazi kweli? Jirani ananiambia nimpe viwili.

DirishaNamba4

Usiongeze. Prednisolone yenyewe inapandisha presha, na mama bado yumo kwenye hizo siku tano. Asiikatize, ndiyo inayotuliza uvimbe wa mirija. Amlodipine nayo si ya siku moja, inataka wiki moja hadi mbili ionyeshe uso wake wote. Pima asubuhi na jioni, andika, umpelekee daktari karatasi. Ikivuka 180 kwa juu au 120 kwa chini, na ana maumivu ya kifua, haoni vizuri, anaongea ovyo au upande umelegea, hapo usije kuniuliza mimi, nenda.

Na unampimaje? Maana mashine ya jirani huwa inapimwa mtu akitoka sokoni na kapu mkononi.

BintiNgamiani

Kusema kweli nilimpima jikoni, anasimamia mchuzi.

DirishaNamba4

Ndiyo hayo. Akae dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini asiikunje nne, ametoka msalani, hajanywa kahawa nusu saa iliyopita. Mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi si juu ya baibui. Na asiongee, najua ni mtihani. Mara mbili, dakika moja katikati. Kwa kipimo cha nyumbani tunataka ashuke chini ya 135/85. Usipime ndani ya nusu saa baada ya kuvuta inhela ya bluu, utapata mapigo ya inhela.

MkeWaBaharia_Bagamoyo

Hodi humu. Mimi niko Bagamoyo, Dunda, ila nyumbani ni Tanga, nimeolewa tu huku.

Nataka kuongeza kitu ambacho hata sisi kilitupita. Mume wangu ana pumu, presha yake dawa ni za -dipine, nzuri tu. Akaanza kubanwa kila usiku baada ya isha. Tukalaumu upepo wa kusi, tukalaumu moshi wa pale wanapokaangia samaki ufukweni, tukahamisha hata kitanda. Kumbe alikuwa ameandikiwa dawa ya matone ya macho, ana presha ya macho. Tone moja kila jicho usiku. Timolol! Someni mkia huo.

Daktari wa macho aliulizwa baadaye, akasema tone linateremka kwa njia ya machozi, linaingia puani, linafyonzwa kwenye damu, na halipiti kwenye ini kama kidonge. Alibadilishiwa matone ya aina nyingine. Nani angedhani kifua kinabanwa na jicho.

MgosiPongwe

Aisee. Hiyo ya jicho imenivua kofia.

Kaskazi77

Mimi si mtu wa kubisha bila sababu. Nimempigia shangazi Mwambani jioni hii kumuuliza vizuri. Kumbe dawa za presha anakunywa, anazificha kwa sababu anaona aibu baada ya kutusifia habasoda. Amlodipine. Habasoda anaendelea nayo pia.

Neno nalirudisha. Ila mimi nina langu: hii miji yetu ya pwani mbona hamuuzungumzii udi? Mtu ana pumu, halafu kila Alhamisi chumba kizima kinafukizwa udi na ubani mpaka huoni ukuta. Dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kitanda. Mito ya sufi ya tangu enzi za bibi, ukiipiga inatoa wingu. Kisha lawama kwa vidonge.

DirishaNamba4

Kaskazi, hapo umenena, na kwa hilo nakupa kahawa na kashata. Moshi ni moshi, uwe wa mkaa, sigara au udi. Ukipunguza kinachomchokoza, salbutamol inapungua, na ikipungua moyo hauendi mbio, mtu hapati kisingizio cha kutafutiwa kidonge cha kumtuliza.

NaniKamaSahare

Mimi nina pumu tangu darasa la pili, sasa nina miaka 34, presha yangu imeanza mwaka jana, nimeirithi kwa baba. Naomba niseme la inhela kwa sababu naona wote mnaongea habari ya vidonge.

Dada, muangalie mama anavyovuta. Wengi wanapuliza mdomoni kama wanapaka manukato, dawa yote inagonga ulimi na koo, kisha wanasema haisaidii. Tikisa. Toa pumzi nje yote. Bana midomo kwenye inhela, anza kuvuta ndani polepole, hapo ndipo unaminya, endelea kuvuta mpaka ujae, shikilia kwa hesabu ya kumi. Subiri kama dakika moja kabla ya mvuto wa pili. Ile ya kila siku (nadhani amepewa beclometasone, mara nyingi ni ya kahawia) akimaliza asukutue na kutema, vinginevyo atapata utando mweupe mdomoni.

Wazee mikono na pumzi haviendi pamoja, kwa hiyo mtengenezee chupa ya kuvutia inhela. Chupa ya maji ya nusu lita, safi, iliyokauka. Nilitumia waya wa moto, nikatoboa kitako cha chupa tundu la umbo la mdomo wa inhela, kidogo kidogo mpaka ikaingia kwa kubana, nikazungushia plasta isivuje. Unachomeka inhela kitakoni, mdomo wa chupa ndio anaovutia. Minya mara moja, avute na kutoa ndani ya chupa pumzi nne tano, ndipo uminye tena. Usidhani ni ubahili wa Kitanga, watafiti wa Cape Town waliipima chupa ya nusu lita kwa watoto na kuchapisha 1999, ikafanya kazi sawa na vyombo vya kuvutia inhela vya dukani. Osha kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa, ukiifuta dawa inanata ukutani.

Tofauti niliyoiona baada ya kuanza inhela ya kila siku: salbutamol ya bluu nilikuwa namaliza moja kwa mwezi, sasa inakaa mpaka nasahau tarehe. Vidonge vya salbutamol niliviacha kabisa, daktari wangu ndiye aliyeniachisha. Na kuna vidonge vingine vya zamani vya pumu vinachanganya theophylline na ephedrine, baba alivipenda sana. Ephedrine inapandisha presha waziwazi. Vile vile dawa za mafua za kuzibua pua, nyingi zina pseudoephedrine au phenylephrine. Soma nyuma ya boksi.

DirishaNamba4

Hapo kijana kafundisha vizuri kuliko mimi. Nyongeza ya dharura tu: mama akibanwa vibaya, inhela ya bluu kwa chupa, minyo minne mpaka kumi, mmoja mmoja, na unaweza kurudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza, HUKU mko njiani. Asiyeweza kumaliza sentensi, midomo imebadilika rangi au anasinzia sinzia, hakuna kusubiri uone kama minyo imesaidia.

Na viungo vinamuuma? Anatumia nini kwa maumivu?

BintiNgamiani

Magoti. Anachua tu kwa dawa ya kuchua, hiyo ilikuwemo kikapuni.

BintiNgamiani

Narudi kufuta kauli. Nimemuuliza vizuri, kakaa kimya. Kisha kafungua pindo la kanga, lile fundo analowekea sarafu za chenji, akatoa vidonge vinne vya diclofenac vimefungwa kwenye karatasi ya daftari la mjukuu. Anameza kimoja kila akisimama sana kwenye vitumbua. Kwenye kikapu havikuingia kwa sababu, nanukuu, "umeniambia dawa, hizi si za maumivu tu?"

DirishaNamba4

Pindo la kanga! Nitaanza kuuliza dirishani kuanzia kesho, wallahi.

Diclofenac, ibuprofen na aspirini za maumivu zinashikilia chumvi na maji mwilini, presha inapanda. Na kwa baadhi ya watu wazima wenye pumu, si wote, zinaamsha kifua ndani ya saa chache. Mama aseme kama amewahi kubanwa baada ya kuzimeza. Kwa goti aanze na paracetamol, amwone daktari kwa ajili ya goti lenyewe. Kama aliandikiwa aspirini ndogo ya moyo hiyo ni habari nyingine, asiiache bila kuuliza.

Chumvi vipi?

BintiNgamiani

Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Naomba tusifungue hiyo mada leo, tumetoka kwenye diclofenac.

MzeeWaKorona

Mwache mama na ng'onda wake mjukuu, ila mwambie amroweke usiku kucha, abadilishe maji mara mbili, na mchuzi asiutie chumvi tena. Ndivyo mke wangu anavyonifanyia. Ladha si ile, ila unazoea kama ulivyozoea bei ya sukari.

BintiNgamiani (wiki ya sita)

Narudisha mrejesho, niliahidi.

Presha ya wiki iliyopita, asubuhi na jioni, kubwa ilikuwa 138/84, nyingi ni 130 na kidogo. Miguu imevimba kidogo jioni, daktari kaona, kasema tuangalie. Inhela ya bluu kavuta mara mbili tu mwezi mzima, zote siku ya harusi ya jirani, udi ule, Kaskazi alinionya. Alikaa mlangoni karibu na upepo, ila ukumbini aliingia kumtunza bibi harusi, haiwezekani asiingie. Vitumbua sasa anakaangia uani, jiko limehama, wateja wamelalamika siku mbili wakazoea.

Madaftari nimeyashona. Nilichukua sindano ya magunia na uzi wa mkonge, la kijani na la gazeti limekuwa moja nene, ukurasa wa mbele nimeandika kwa wino mwekundu ANA PUMU, ASIPEWE ZA -OLOL. Kliniki ya presha wamelipokea bila neno, ila yule dada wa vipimo kaliangalia ule mshono kwa muda mrefu. Kila dawa sasa namwomba mtoaji aandike jina kwenye kibahasha, na mama mwenyewe anauliza, "Mwanangu, hii si ya ololo?" Ndivyo anavyoitamka, ololo.

NaniKamaSahare

Safi sana. Chupa je, anaitumia?

BintiNgamiani

Ya kwanza ilitumika siku nne. Siku ya tano mjukuu kaiona mezani imeoshwa imekauka, kaijaza maji kaitia kwenye begi la shule. Amerudi na madaftari yameloa yote, anauliza nani katoboa chupa ya bibi. Naomba nielekeze tena ile ya waya wa moto, hii ya pili imeyeyuka pembeni.